Upepo, Hewa na Mafuta: Historia Fupi ya Msamiati wa Breki Wilayani Ngara na Biharamulo

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno machache sana, yaani yale yatumiwayo na mafundi na madereva wanapohudumia breki za magari ya kale. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi litoe nafasi yake kwa mambo ya gereji, hali ziko taaluma kadhaa wa kadhaa zinazongojea istilahi zake zisanifiwe. Jibu letu ni fupi. Istilahi yenye kasoro katika uhakiki wa fasihi huweza kumkosesha mwanafunzi alama. Istilahi yenye kasoro katika breki huweza kulitumbukiza gari korongoni pamoja na wote waliomo.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zinafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii. Kwanza, Ngara ni nchi ya milima, na dereva anayeshuka kuelekea mto Ruvubu au mto Kagera hana budi kuzitegemea breki zake kwa masafa marefu. Pili, barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Lusahunga wilayani Biharamulo, ikaingia Ngara, kisha ikagawanyika: tawi moja huenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na jingine Kabanga, mpakani mwa Burundi. Hivyo magari ya kila umri na mafundi wa lugha mbalimbali hukutana huko. Tatu, gari la kale huko si pambo. Mjini mtu aweza kumiliki Land Rover ya miaka ya 1960 kwa ajili ya kujifurahisha siku za mapumziko. Vijijini Ngara gari hilohilo hubeba ndizi, saruji na wagonjwa. Watu huliita kwa mzaha mkweche, lakini hulisubiri kwa hamu.

2. Kabla ya breki

Gari lilipofika Afrika ya Mashariki lilikuta lugha yenye msamiati mpana wa vyombo vya usafiri, ila vyombo hivyo vilikuwa vya majini. Ndiyo maana gari lilirithi baadhi ya maneno yake kutoka jahazini. Usukani, neno lililotoka Kiarabu na kushika kazi yake baharini karne nyingi kabla ya motokaa, lilihamia nchi kavu bila taabu. Bomba, lililotoka Kireno, nalo lilipata kazi mpya. Lakini jahazi halina breki. Nahodha hushusha tanga au hutia nanga, na kazi zote mbili hazifanani na kukanyaga pedali. Kwa hiyo pengo lilijazwa kwa mkopo kutoka Kiingereza, na breki likawa neno la baiskeli, la garimoshi na la motokaa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inalitambua, na leo hakuna anayelihesabu kuwa neno geni.

Yafaa ikumbukwe kwamba breki za magari ya mwanzo zilifanya kazi kwa fito na nyaya, kama zilivyo breki za baiskeli. Dereva alipokanyaga, ufito ulivuta ufito mwingine hadi gurudumuni. Waya uliolegea ulikazwa. Kutokana na ufundi huo tumebakiwa na kitenzi kukaza breki, ambacho hadi leo mafundi hukitumia kwa kazi ya kuvisogeza viatu vya breki, au breki shuu kama wenyewe wasemavyo, karibu na ngoma ya gurudumu.

Mapinduzi yalikuja mwaka 1917, pale Mmarekani Malcolm Loughead alipopata hataza ya breki zinazotumia kioevu. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg, huko Marekani, ilianza kuuza gari la abiria lenye breki za aina hiyo katika magurudumu yote manne. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948 tayari ilikuwa na breki za kioevu, na kwa njia ya gari hilo watu wengi wa vijijini mwetu walizifahamu breki za namna hii.

Msingi wake ni kanuni ya Pascal, mwanasayansi Mfaransa wa karne ya 17, ambayo walimu wetu wa fizikia huifundisha kwa istilahi nzuri ya kanieneo, yaani kani igawanywayo kwa eneo. Kioevu kilichofungiwa bombani hupeleka kanieneo ileile kila upande. Tuseme pistoni ya silinda kuu ina eneo la sentimita za mraba 3, na ile ya silinda ya gurudumu sentimita za mraba 6: kani itakayotokea gurudumuni itakuwa mara mbili ya ile iliyoingia. Lakini kanuni hiyo ina sharti. Kioevu hakishindiliki, hewa hushindilika. Kiputo cha hewa kikiingia bombani, mguu wa dereva hukishindilia kiputo badala ya kuvisukuma viatu vya breki, na pedali huwa laini kama sifongo. Hapo ndipo inapozuka kazi ya kuondoa hewa hiyo, na hapo ndipo yanapoanza matatizo ya istilahi.

3. Kikwazo cha neno upepo

Waingereza huitaja kazi hiyo kwa kitenzi kilekile cha kumtoa mtu damu. Mfasiri mchanga aweza kuandika kwamba breki zitolewe damu, na msomaji akastaajabu. Mfasiri mjuzi wa mila aweza kukumbuka kuumika, yaani kumpiga mgonjwa chuku, akaona amepata neno lenye asili. Hata hivyo sitiari hiyo haifai. Mwenye kuumika huikusudia damu yenyewe, hali fundi wa breki hakikusudii kioevu kinachotoka. Anaikusudia hewa iliyojificha ndani yake. Mafundi wetu walilitambua hilo pasipo kusaidiwa na kamati yoyote. Wao husema kutoa upepo, na wamesema kweli kuliko Waingereza.

Tatizo ni kwamba upepo una kazi nyingine mbili katika gereji hiyohiyo. Tairi hujazwa upepo na hutolewa upepo. Tena malori makubwa yapitayo Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga yana breki za upepo, ambazo nguvu yake hutoka katika hewa iliyoshindiliwa ndani ya matangi. Katika Land Rover ya kale upepo ndani ya breki ni adui. Katika lori la tani 30 upepo ndani ya breki ni uhai. Basi maneno "toa upepo katika breki" humwokoa dereva wa kwanza, na huweza kumwangamiza wa pili.

Nilikuwa miongoni mwa watu waliotafsiri kijitabu cha matunzo ya magari kwa ajili ya madereva wa ofisi moja ya umma. Katika rasimu yetu maneno kutoa upepo yalitokea mahali pengi, na tulijisifu kwa kuwa na msimamo mmoja wa istilahi kama tulivyofundishwa chuoni. Hatukuona kwamba msimamo huo ulikuwa umeunganisha kazi tatu tofauti: kuondoa viputo katika kioevu, kupunguza upepo wa matairi, na kufungua kizibo cha tangi la upepo ili maji yaliyokusanyika yatoke. Kamati ya watu watano iliisoma rasimu hiyo. Hakuna aliyeshituka, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala chini ya gari.

4. Kikwazo cha neno mafuta

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kile kioevu tulikiita mafuta ya breki, kwa sababu ndivyo kinavyoitwa mitaani, madukani na hata katika maandishi mengi. Tulifuata kanuni njema ya kuheshimu matumizi ya wananchi. Lakini kioevu hicho, katika magari mengi, si mafuta kwa maana ya mafuta ya injini wala ya gia. Kimetengenezwa kwa jamii ya glikoli, na raba zilizomo ndani ya silinda zimechaguliwa ili zipatane nacho. Raba hizo zikikutana na mafuta yatokanayo na petroli huvimba na kulainika. Raba ya silinda kuu ikivimba huziba tundu dogo la kurudishia kioevu. Breki zikishashika, haziachii. Ngoma hupata moto, na hatimaye raba huharibika kabisa.

Katika safari yangu ya kikazi tulitoka Biharamulo asubuhi kwa Land Rover ya zamani, tukielekea Ngara. Kabla hatujafika mbali tulisikia harufu ya kuungua, na gari likawa zito kama linalokokota gogo. Dereva alisimama, utingo akaweka kabari nyuma ya gurudumu, nasi tukaona ngoma za mbele hazigusiki kwa joto. Dereva alieleza bila kuficha neno. Jana yake aliona chombo cha breki kimepungua. Akakisoma kijitabu alichopewa, rasimu yetu ileile iliyokuwa ikijaribiwa. Kikamwambia aongeze mafuta. Akaongeza mafuta, yale mazuri ya injini, mapya kabisa. Alikuwa ametii maandishi yangu.

Tulirudi polepole hadi kwa fundi mmoja mzee mjini Biharamulo. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kazi yangu. Alipolichovya vidole lile tone la kioevu na kulinusa, alisema, "Mwanangu, hapa kutoa upepo si dawa. Raba zote zitoke, na mipira yote ya breki itoke." Nilimwuliza yeye hukiitaje kioevu hicho. Akajibu kwamba huwaambia vijana wake fluidi. Nikamweleza kwamba neno hilo ni geni na kwamba sisi tunajitahidi kupunguza maneno kama hayo. Mzee akatabasamu. "Neno geni lina faida moja," akasema. "Asiyelijua huuliza. Hilo mafuta kila mtu analijua, kwa hiyo hakuna anayeuliza."

Sikuwahi kusikia hoja hiyo darasani. Tumezoea kupima istilahi kwa ufupi wake, kwa uwazi wake, kwa asili yake ya Kibantu na kwa kukubalika kwake. Mzee huyo alitukumbusha kipimo kingine: je, neno hili humfanya msomaji adhani anajua asichokijua?

Kwa kipimo hicho, neno majimaji nalo halifai, kwa kuwa litamvuta mtu kwenye maji. Na maji ni adui mwingine. Kioevu cha breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka ipitavyo, na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Kile cha daraja la DOT 3 hutakiwa kisichemke chini ya nyuzi za Selsiasi 205 kikiwa kipya. Kikishanyonya unyevu, kiwango kinachokubaliwa ni nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Katika mteremko mrefu joto la ngoma huweza kukichemsha kioevu kilichochoka. Mvuke hutokea bombani, nao hushindilika kama hewa, na pedali huzama hadi chini. Gari likishapoa pedali hurudi kama kawaida, na dereva aliyenusurika huonekana mwongo.

5. Breki na feri

Pale Rusumo, Kiswahili hukutana na Kinyarwanda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyokuwa koloni ya Wajerumani iligawanywa: Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji. Mgawanyo huo uliyagawa hata maneno ya magari. Upande wetu tulikopa Kiingereza tukapata breki; ng'ambo walikopa Kifaransa wakapata feri. Mnyarwanda husema gari limekosa feri. Mtanzania husema breki zimefeli, kwa kitenzi kilichotoka Kiingereza. Sasa katika lugha za sehemu hizi, Kihangaza na Kishubi zikiwamo, ambazo ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, sauti za r na l hazitenganishwi kama katika Kiswahili sanifu. Msomaji ataona hata Lusahunga huandikwa pengine Rusahunga. Hivyo feri, ambayo ni kifaa, na feli, ambayo ni ubovu wa kifaa, huweza kusikika kama neno moja.

Jambo hili halikuwa dogo katika historia ya eneo hilo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia machafuko ya Rwanda, na kambi kubwa ya Benaco ikazuka wilayani Ngara. Hadi wakimbizi Wanyarwanda waliporudi kwao Desemba 1996, chakula, maji na dawa zilibebwa kwa malori katika barabara hizo. Katika mazingira kama hayo, maneno ya fundi yasipoeleweka na dereva, gari ama halitaondoka ama litaondoka lisipostahili. Tangu hapo safari zimeendelea kuongezeka. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili mwezi Aprili 2016.

6. Majina ya maradhi

Magazeti yetu, yakiripoti ajali, aghalabu huandika kwamba breki zilikataa au zilifeli. Usemi huo huipa breki hiari ambayo haina, na huficha sababu. Mafundi wa Biharamulo na Ngara hawasemi hivyo. Wao hutofautisha dalili, nasi tunaona vema kuzinakili hapa kwa manufaa ya wafasiri.

Pedali laini, inayopanda ikikanyagwa mara kadhaa kwa haraka, hudokeza hewa bombani, au viatu vilivyo mbali na ngoma. Kwa hiyo breki hukazwa kwanza, ndipo upepo utolewe. Pedali inayozama polepole chini ya mguu uliotulia, huku hakuna tone lililovuja nje, hudokeza raba ya silinda kuu iliyochakaa. Pedali ngumu pasipo gari kusimama hudokeza bitana za viatu zilizolowa au zilizong'arishwa na joto. Gari linalovuta upande mmoja hudokeza silinda ya gurudumu iliyoganda, au bitana zilizolowa upande wa pili. Breki zinazong'ang'ania ndizo zile nilizozieleza katika kisa chetu. Na kioevu kinachopungua kila siku ni dalili ya kuvuja; anayeongeza bila kutafuta panapovuja anaahirisha ajali tu. Land Rover nyingi za mifululizo ya mwanzo zilikuwa na mkondo mmoja tu wa kioevu, hata mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hubaki bila breki.

Kazi yenyewe ya kutoa upepo ina amri zake. Fundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ambalo kwa magari yetu yenye usukani kulia huwa ni la nyuma kushoto, na humaliza na la mbele kulia. Huvisha mpira mwembamba juu ya skrubu ya kutolea upepo, na ncha yake ya pili huizamisha katika chupa yenye kioevu safi. Humwambia msaidizi: kanyaga, naye hukanyaga taratibu huku skrubu ikifunguliwa, na viputo huonekana chupani. Pedali ikifika chini husema: shikilia, naye huifunga skrubu. Ndipo husema: achia. Mpangilio huo hautaki kugeuzwa. Msaidizi akiachia kabla skrubu haijafungwa, breki hunyonya hewa upya na kazi hurudi mwanzo. Chombo cha juu nacho kisiachwe kikauke, na kioevu kilichotoka kisirudishwe. Maneno matatu hayo, kanyaga, shikilia, achia, ni istilahi kamili, ingawa hakuna kamati iliyoyapitisha.

7. Tamati

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 limekuwa likitoa orodha za tafsiri sanifu. Kazi hiyo imefanywa zaidi mezani, na kwa taaluma nyingi meza inatosha. Kwa ufundi haitoshi. Tuliporekebisha kijitabu tulifanya mambo matatu, nayo tunayapendekeza kwa wenzetu.

Kwanza, tuliandika kioevu cha breki, neno ambalo shuleni linajulikana na ambalo halimshawishi mtu kuchukua chupa ya jikoni wala ya injini. Na mara ya kwanza lilipotokea tuliongeza kwamba ndicho mafundi wakiitacho fluidi, na kwamba watu wengi hukiita mafuta ya breki lakini si mafuta. Pili, hatukuthubutu kuwanyang'anya mafundi neno lao upepo ili kuwapa hewa. Tuliweka sharti moja tu: maneno kutoa upepo yasisimame peke yake katika maandishi. Yataje mahali: kutoa upepo katika kioevu cha breki, kutoa upepo wa tairi. Na kwa matangi ya malori tuliandika kutoa maji katika tangi la upepo, kwa kuwa maji ndiyo yanayokusudiwa. Tatu, rasimu ilisomwa kwa sauti mbele ya mafundi na madereva kabla ya kupigwa chapa.

Mzee wa Biharamulo alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Usomaji ulipokwisha aliuliza swali moja tu: mahali palipoandikwa "kagua kioevu mara kwa mara", mara kwa mara ni lini? Tukaandika: kila Jumatatu, kabla ya safari ya kwanza.